Filamu ya Woodstock na Swali la Hadhira

Filamu ya *Woodstock*, iliyoongozwa na Michael Wadleigh na kutolewa mwaka 1970, huchukuliwa na wengi kama ushahidi mtupu. Sisi tunaoshughulika na fasihi simulizi hatuna budi kuitazama kwa mashaka kidogo, maana kazi yake ni ileile tuifanyayo tuendapo kijijini na kinasa sauti: kuitoa ngoma mahali pake na kuipeleka pengine.

Mahali penyewe, kwanza, hapakuwa Woodstock. Watu wapatao 400,000 walipiga kambi Agosti 1969 katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Bethel, pande za milima ya Catskills, jimbo la New York. Jina likabaki la mji mwingine ulio mbali. Mvua, tope, mahema, foleni za chakula: katika hayo filamu yastahili sifa zote. Yamsikiliza hata msafishaji wa vyoo, asemaye kwamba mwanawe mmoja yumo mle kambini na mwingine yuko vitani Vietnam. Hakuna wimbo katika filamu nzima uwezao kuueleza mwaka ule kwa ufupi kama huo.

Lakini mpangilio wake unatia shaka. Kundi la Sha Na Na lilipiga Jumatatu asubuhi, karibu na mwisho kabisa. Katika filamu latokea mapema. Mhariri ana haki ya kukata. Kuhamisha ni jambo jingine, kwani saa nayo ni sehemu ya utendaji. Aimbaye baada ya usiku wa tatu huwaimbia watu waliolowa na kuchoka, na kila mtambaji wa hadithi ajua kwamba kwa watu hao hasemi kama alivyosema jioni. Jimi Hendrix alipopanda jukwaani asubuhi hiyohiyo, wengi walikuwa wamekwisha kufunga mizigo na kuondoka.

Tumtazame pia Richie Havens. Alifungua yeye kwa sababu wenzake walikwama njiani. Nyimbo zikamwishia, naye akabuni palepale, akilirudiarudia neno moja la uhuru na kuliunga na wimbo wa kale wa Weusi wa Marekani. Fanani wetu yeyote angelitambua tendo hilo. Msongamano wa magari nao ulikuwa mtunzi.

Twaliita tukio kama hilo tamasha, yaani kitu cha kutazamwa. Neno ngoma labda lingefaa zaidi, kwa kuwa labeba chombo, mchezo na mkusanyiko kwa pamoja. Ingawa aliyeketi nyuma ya maelfu yale (tukiri) hakucheza na mtu jukwaani. Filamu imechagua tamasha. Nasi je? Katika kanda tulizozihifadhi, ni ngapi zilizoandikwa saa ya kuimbwa, na nani alikuwa bado ameketi akisikiliza?