Kitovu cha Adamu: baba, mwana na kitabu kilichochekwa

Adamu alikuwa na kitovu? Watoto wa shule ya Jumapili huuliza, mwalimu hucheka, somo linaendelea. Philip Henry Gosse hakuendelea. Mwaka 1857, London, alichapisha kitabu kizima juu ya swali hilo na kukiita Omphalos, neno la Kigiriki lenye maana ya kitovu. Siku hizi wanaokisoma ni wachache, wapenzi wa vitabu vya ajabu. Wengi tunamjua mwandishi wake kwa maneno ya mwanawe, Edmund Gosse, aliyeandika Father and Son mwaka 1907. Nimevisoma vyote viwili kwa kufuatana, na naona mwana amemwonea baba.

Gosse hakuwa mlokole wa kupinga asichokijua. Alikuwa mtaalamu wa viumbe aliyejifundisha mwenyewe. Aliishi Kanada, Alabama na Jamaika akichunguza wadudu na ndege. Kitabu chake cha 1854 kiliwatia Waingereza wazimu wa kufuga viumbe wa baharini sebuleni, kwenye matangi ya kioo. Mwaka 1856 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Darwin mwenyewe alikuwa akimwandikia barua kumuuliza mambo. Na Jumapili mtu huyohuyo alikuwa anahubiri kwa Plymouth Brethren, Wakristo wasio na kasisi wala mapambo, walioshika Biblia neno kwa neno. Siku sita za Mwanzo ni siku sita, basi.

Sasa wanajiolojia wanasema dunia ina umri mkubwa ajabu. Ufanye nini? Watetezi wengi wa leo wa uumbaji wa siku sita hufuata njia iliyopata nguvu kwa kitabu cha The Genesis Flood cha 1961: wanasema gharika ya Nuhu ndiyo iliyopanga matabaka ya miamba na visukuku vyake. Yaani wanabishana na mawe. Gosse hakubishana nayo. Alikubali kwamba mawe yanaonyesha kile wanajiolojia wanachosema yanaonyesha. Ila, anasema, uhai ni duara: kuku hutoka kwenye yai, yai kwa kuku. Mungu akiumba, lazima aingilie duara mahali fulani, na popote atakapoingia kutakuwa na alama za yaliyotangulia. Mti ulioumbwa asubuhi hii una miduara ya miaka hamsini ndani ya shina. Adamu ana kitovu cha tumbo ambalo hakuwahi kulala. Kama ni hivyo kwa mti na kwa mtu, kwa nini isiwe hivyo kwa dunia nzima? Visukuku ni kitovu chake. Hata mavi ya wanyama yaliyogeuka jiwe hakuyakwepa, aliyaingiza humohumo.

Kama maandishi, Omphalos kina mbinu moja nzuri inayotumiwa mara nyingi mno. Mwandishi anakushika mkono, anakutembeza katika ulimwengu ulioumbwa dakika hii, pamoja na mtaalamu. Mtaalamu anatazama mti, anakadiria umri. Anatazama meno ya mnyama yaliyosagika, anakadiria umri. Kila mara anakosea, kila mara kwa sababu sahihi. Mara ya tano unatabasamu. Baada ya hapo, kusema kweli, unahesabu kurasa zilizobaki.

Pigo lililomuuma zaidi lilitoka kwa rafiki. Charles Kingsley, kasisi na mpenzi wa viumbe kama yeye, alimwandikia kwamba hawezi kuamini Mungu ameandika uongo mkubwa kiasi hicho juu ya miamba. Ona hapo: hili si pingamizi la maabara, ni la mtu anayesali. Mwaka 1941 Borges naye alikirudia kitabu hiki, akakisifu kwa umaridadi wake wa kutisha, akaongeza kwamba bila kukusudia kinaonyesha jinsi wazo la kuumba kutoka kwenye utupu lisivyoshikika.

Mimi nakisoma kama nadharia ya hadithi. Fungua riwaya yoyote. Ukurasa wa kwanza mhusika tayari ana kovu, ana deni, ana mama aliyekufa. Hayo hayajatokea popote, na hatumwiti mtunzi mwongo. Mungu wa Gosse ni mtunzi wa namna hiyo, anayeanzia katikati. Kinachochekesha (na kuhuzunisha pia) ni kwamba nyumbani kwa Gosse hadithi zilikuwa marufuku. Emily, mama yake Edmund, aliamini kutunga kisa ni dhambi. Mtoto alikua bila kusikia "paukwa" hata siku moja.

Father and Son kimejaa mambo ambayo huyasahau. Edmund, akiwa na umri wa miaka kama sita, anapandisha kiti juu ya meza, anapiga magoti na kukiomba kiti, aone kama Mungu atamwadhibu kwa kuabudu sanamu. Anasubiri. Hakuna kitu. Ukurasa huo una thamani kuliko vitabu vingi vya mabishano ya dini. Lakini akifika kwenye Omphalos, Edmund anatuchorea mtu aliyevunjika: kitabu kimechekwa na waumini na wasioamini, baba anajifungia Devon, giza. Jamani, tarehe hazikubali. Kati ya 1858 na 1860 baba huyohuyo alitoa kazi yake kubwa juu ya viumbe laini wa baharini wanaofanana na maua, na 1860 akatoa The Romance of Natural History. Ann Thwaite, katika wasifu wake wa 2002, anatuonyesha Gosse mwingine, mchangamfu zaidi. Na Edmund alishaandika wasifu wa baba yake mwaka 1890, wa heshima. Miaka kumi na saba baadaye, akiwa mhakiki mashuhuri, alihitaji utoto wa kumweleza yeye amekuwa nani. Akautengeneza, huku dibaji ikiapa kwamba yote ni kweli. Naye alijiwekea kitovu.

Anapokuwa sahihi ni mwishoni, kwenye barua za baba kwa kijana aliyehamia London, kila moja ikidai hesabu ya imani yake. Hapo kuna upendo usioacha nafasi ya kupumua. Kwetu wapo wanafunzi wanaojibu swali la mageuko kwenye mtihani wa Biolojia, wakirudi nyumbani wanaitikia amina. Mzazi wao haogopi kisukuku. Anaogopa kwamba siku moja mtoto hatakuwa upande mmoja naye.

Emily alikufa kwa saratani Februari 1857, na Omphalos kilitoka mwaka huohuo. Nadhani ndiyo sababu Gosse hakuweza kuachia hata siku moja kati ya zile sita: kitabu kilichomwahidi kuonana tena na mkewe ndicho hichohicho kinachoanza na Mwanzo.

Vyote viwili havina tena hakimiliki, vinapatikana bure mtandaoni. Anza na cha mwana. Cha baba unaweza kuruka katikati, ila usiruke sura za mwisho.