Punguzo bila sharti: nani anatazama mto?

Wandugu, sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 tunaisifu sana, na si bure. Kobalti iliwekwa kati ya madini ya kimkakati, mrabaha wake ukapanda mpaka 10%. Katika mrabaha huo, 15% inaenda kwa komine au sheferi ya pale machimbo yaliko. Tena kampani inatoa 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji. Leta imepata makuta, sawa.

Lakini tuisome kwa macho ya mvuvi wa Tshangalele. Ziwa hili lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha, mwaka 1930. Mto Panda unapita Likasi, unabeba maji machafu ya viwanda vya Shituru, unaingia Lufira. Watafiti, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi kati yao, walishapima samaki wa huku, wakakuta shaba, kobalti na risasi.

Sasa tujiulize: kampani inayosafisha maji yake inapata nini kuliko ile inayoyamwaga hivi hivi? Mrabaha unahesabiwa kwa thamani ya madini. Ile 0.3% inahesabiwa kwa mauzo. Punguzo la ushuru wa forodha linafuata orodha ya vifaa iliyokubaliwa. Hakuna hata kimoja kinachotazama mto! Dhamana ya kurekebisha mazingira iko, ni kweli, ila kazi yake kubwa ni siku ya kufunga machimbo. Samaki hatangoja siku ile. Na ile 15% inabaki kwenye machimbo, wakati sumu inashuka. Maji hayajui mpaka wa komine.

Mtu atasema: adhabu ziko, zinatosha. Adhabu inataka mkaguzi, gari, laboratwari, na mkono usiopokea bahasha. Punguzo lenye sharti linageuza mzigo: kampani yenyewe ndiyo italeta uthibitisho. Kenya waliliandika tangu 1999: kifungu cha 57 cha sheria yao ya mazingira kinafungua mlango wa kupunguzia kodi viwanda vinavyonunua mitambo ya kuzuia uchafuzi. Kuandika si kutekeleza, lakini ni mwanzo.

Kwa hiyo tusiombe zawadi mpya kwa kampani. Tuombe sharti juu ya zile zilizopo: maji yapimwe kila miezi mitatu, na mtu asiyelipwa na kampani, matokeo yabandikwe kwa sheferi. Maji machafu, punguzo linakatwa. Wanakemia wa kupima tuko wengi, tumekaa nyumbani na diploma zetu.