Kaida za Utanzu katika Video ya Muziki ya Mwanafunzi: Orodha au Ahadi?

Suala la kaida si geni kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, wataalamu wamebishana iwapo vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi au ni vazi lake tu. Mjadala huo, ambao wengi wetu tulidhani umekwisha, umezuka upya mahali tusipopatazamia: katika video za nyimbo za pop ambazo wanafunzi hutengeneza kama zoezi la kozi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kasoro kuu ya video hizo haitokani na kutozijua kaida za utanzu. Hutokana na kuzichukulia kaida kama orodha ya kutimizwa, ilhali kaida ni ahadi ambayo msanii huiwekea hadhira yake. Aidha, tutadai kwamba sisi wahadhiri ndio tuliowafunza kosa hilo.

Tuanze na kaida zenyewe. Kila mtazamaji wa video za pop anazifahamu: mwimbaji huonyeshwa uso kwa karibu mara kwa mara, midomo yake huigiza maneno yaliyokwisha kurekodiwa, picha hukatwa kufuata mapigo ya ngoma, wachezaji huingia wakati wa kiitikio. Katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu televisheni ya muziki, Andrew Goodwin alibainisha kwamba picha zinaweza kuhusiana na wimbo kwa njia tatu: kuyaonyesha yale yasemwayo, kuyapanua, au kwenda kinyume nayo. Uainishaji huu una manufaa kwetu kwa kuwa unaurejesha mjadala kwenye maneno ya wimbo, yaani kwenye matini.

Hebu tuutazame mfano unaojulikana na wengi. Mwaka 1983 Michael Jackson alitoa video ya Thriller, iliyoongozwa na John Landis. Video hiyo inakaribia dakika 14, zaidi ya maradufu ya urefu wa wimbo katika albamu. Landis, ambaye miaka miwili awali alikuwa ameongoza filamu ya kutisha kuhusu mtu anayegeuka mbwamwitu, alizileta kaida za utanzu huo ndani ya video ya pop: usiku, makaburi, msichana mwenye hofu, na kijana tusiyejua kama ni wa kuaminiwa. Kinachostahiki kuzingatiwa ni hatima ya kiitikio. Katika albamu, kiitikio hufuata ubeti kama ilivyo ada. Katika video, beti huimbwa zikifuatana wakati wapenzi wawili wanatembea barabarani, nacho kiitikio huahirishwa hadi karibu na mwisho, baada ya wafu kufufuka na kucheza. Filamu ya kutisha huishi kwa taharuki, na pop huishi kwa kiitikio. Tanzu hizi mbili zilipokutana, ilibidi moja imsubiri mwenzake. Kaida ya pop haikutupwa. Ilicheleweshwa, na hadhira iliihisi kwa nguvu zaidi kwa sababu ilikuwa ikiingoja.

Tulinganishe hali hiyo na video mbili za darasani. Kundi la kwanza lilichagua wimbo wa malalamiko: mtu aliyeachwa anahesabu siku bila kupata habari. Wanafunzi walitia kila kilichotarajiwa. Palikuwa na gari la kuazima, miwani myeusi, wachezaji sita na mikato ya haraka. Nilipoisahihisha kwa kufuata mwongozo wa alama, ilipata alama za juu. Ilipoonyeshwa mbele ya darasa, wenzao waliangua kicheko katika ubeti wa tatu, pale mwimbaji alipolilia upweke huku amezungukwa na watu wanaocheka. Mtu angeweza kuitetea kwa kudai kwamba picha zilikusudiwa kwenda kinyume na maneno. La hasha. Ukinzani huwa na maana pale tu hadhira inapohisi kwamba umekusudiwa, na hapa hapakuwa na ishara yoyote ya kusudi. Kicheko kile kilikuwa uhakiki wa kweli kuliko alama zangu.

Kundi la pili lilikuwa na kamera hafifu na chumba kimoja. Katika beti mbili za mwanzo mwimbaji aliigiza kuimba kama kawaida. Ulipofika ubeti wa mwisho, ambamo nafsineni inakata shauri kutolizungumzia tena jambo lililoiumiza, alifumba mdomo na kutukazia macho, huku sauti yake ikiendelea kusikika. Darasa lilinyamaza. Kaida ilivunjwa mara moja tu, nasi tukauona uvunjaji huo kwa kuwa beti mbili za awali zilikuwa zimeijenga. Asiyeijenga kaida hana cha kuvunja.

Swali jingine ni kwamba kaida hizi ni za nani. Wanafunzi wengi huamini kwamba kaida za video ni zile tu zilizoenezwa na MTV tangu mwaka 1981. Lakini katika taarabu ya pwani, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka akaenda kumtuza mwimbaji, na huenda kwa kitendo hicho akawa anampelekea ujumbe mtu mwingine aliyemo ukumbini. Hadhira ni sehemu ya utungo. Video ya taarabu inayoganda kwenye uso wa mwimbaji, kwa kuwa ndivyo pop inavyofanya, huwa imeiacha nje nusu ya maana.

Turejee kwenye wajibu wetu. Mwongozo unaotoa alama moja kwa kila kaida iliyoonekana hufanana na kumsahihisha mshairi kwa kuhesabu mizani tu. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) ingepata alama zote kwa hesabu hiyo, na hesabu isingetueleza lolote kuhusu mfungwa aliyezigeuza arudhi za mapokeo kuwa silaha. Tunapendekeza mwanafunzi aandike, pamoja na video yake, aya moja kwa kila kaida kuu aliyoitumia au kuikiuka, akieleza ni neno gani la wimbo lililomlazimu. Asipoweza kulitaja neno hilo, kaida hiyo ni pambo. Nasi tukiendelea kuyapa mapambo alama, tusije tukalalamika kwamba video za wanafunzi wetu zote zinafanana.