Neno “Teja”: Asili Yake na Maana Yake

Huko Kihagara, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, nilimsikia kijana mmoja akimtaja mzee wa jirani yake kuwa ni “teja la komoni”. Komoni ni pombe ya nafaka ijulikanayo sana katika mkoa wa Ruvuma, na mzee yule hajapata kuiona heroini maishani mwake. Basi neno lililoenea katika vijiwe vya Dar es Salaam na miji ya pwani limekwisha kufika ziwani. Limepata kazi mpya, lakini dharau yake limekuja nayo. Yafaa tulichunguze.

Sauti ya neno hili yaweza kumdanganya msikilizaji adhani kuwa ni neno la kigeni. Kwa maoni yangu sivyo. Ni mteja yule yule tumjuaye, aliyeondolewa kiambishi cha m-; na wingi wake, badala ya wateja, umekuwa mateja. Njia hii ya kuunda maneno si mpya: mzee hugeuka zee, mwizi hugeuka jizi, mjinga hugeuka jinga. Mtu akipokonywa m- yake, mara nyingi hupokonywa na heshima pia. Sisemi kwamba kila neno lenye wingi wa ma- ni la dharau, maana twasema makarani na mawaziri bila kumtukana mtu. Lakini karani hakuwa na m- tangu mwanzo, wala hakupoteza kitu. Teja amepoteza.

Kwa nini basi walichukua mteja, wasichukue mlevi au mvutaji? Jibu limo katika maana. Mnunuzi hununua akaenda zake; mteja ni yule arudiye. Muuza samaki humjua mteja wake, humwekea fungu lake, na asipomwona siku mbili huuliza habari zake. Mganga naye huwaita wateja wale anaowaganga, kwani nao huenda na kurudi. Heroini ilipoingia nchini katika miaka ya 1980, ilipewa jina la unga, kama kitu cha jikoni. Mlaji wa unga huu hana budi kurudi kwa muuzaji kila siku, la sivyo hushikwa na arosto: mwili huuma, jasho humtoka, tumbo huharisha. Katika biashara zote, huyu ndiye mteja asiyeweza kuhama duka. Waliombandika jina hilo walikuwa na kejeli, lakini waliielewa hali yake barabara.

Siku hizi katika maandishi ya serikali na ya waganga wa hospitali hutumika mraibu. Ni neno zuri, ijapokuwa uraibu wa zamani ulitajwa zaidi pamoja na tambuu na tumbaku, mambo ya barazani. Lakini tusisahau kwamba neno la kwanza halijafa. Mwezi wa Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Mtu aliyeanza tiba hiyo hufika kila siku, akanywa dawa yake mbele ya mhudumu, kesho akarudi tena. Huyo ni mteja kwa maana ile ile ya mtu wa mganga: hurudi ili apone.

Kwa hiyo nawashauri watunga kamusi wasilitenge neno teja kama neno la wahuni lisilo na ukoo. Waliandike, waeleze kuwa ni la mitaani na lina dharau, kisha wamwelekeze msomaji kwenye mteja. Walimu nao wawaonyeshe wanafunzi, wa Dar es Salaam na wa Kihagara pia, kwamba aitwaye teja ametolewa silabi moja tu. Kumrudishia silabi hiyo hakumponyi, lakini huanza kumtaja kama mtu.