Juu ya Kusoma Moyo Katika Uso

Katika mwaka 1867 Charles Darwin, mtaalamu wa Kiingereza, alipiga chapa karatasi ya maswali akaipeleka kwa watu waliokaa nchi za mbali, baadhi yao wamisionari. Je, mtu ashangaapo hukodoa macho na kufumbua kinywa? Je, mwenye haya hubadilika rangi ya uso? Akawaonya wasitegemee kumbukumbu, kwani hudanganya. Majibu aliyatia katika kitabu chake cha 1872. Onyo lile twalisifu kuliko kitabu chenyewe.

Karibu miaka mia baadaye Paul Ekman, Mmarekani, alichukua picha za nyuso hadi New Guinea. Wafore walisimuliwa visa vifupi, wakachagua picha iliyofaa. Wengi walichagua kama alivyotazamia, ingawa hofu na mshangao hawakuzitenga sawasawa. Naye akashika kwamba hisia kadha wa kadha zina uso mmoja duniani kote. Twakubali kwamba hapo pana ukweli: kicheko cha mtoto mchanga hakitaki mkalimani. Walakini wataalamu wengine walipowaendea Wahadzabe wa Ziwa Eyasi kwa visa na picha za namna hiyo, habari yao iliyotolewa mwaka 2020 haikuthibitisha fundisho lile.

Kwa maoni yetu kosa limo katika maneno kabla ya kuwa katika picha. Ukimpa Mswahili orodha ya hasira, hofu, huzuni, furaha, mshangao na kinyaa, atachagua, maana ameamriwa achague. Lakini uchungu atauweka wapi? Ni wa jeraha, ni wa msiba, ni wa mwanamke azaaye, tena ni wa aliyedhulumiwa. Na kununa je? Neno hilo lataja uso wenyewe. Kinyongo, kwa upande wake, hukaa moyoni bila kutia hata kunjo moja pajini, ndiyo sababu twakiogopa.

Watu wa Newala wangeweza kumfundisha Ekman jambo jingine. Karl Weule, aliyefika huko mwaka 1906, alikusanya vinyago vya ngoma kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya Leipzig. Kinyago kikiangikwa ukutani, mgeni husema, “Huyu ana hasira.” Lakini uwanjani mti ule ule usiokunjamana huwakimbiza watoto, na punde huwachekesha wazee, kwa kuwa mabega na miguu ya mchezaji vimegeuka pamoja na ngoma. Na bibi zetu waliovaa ndona katika mdomo wa juu, nani angewapima kwa picha ya midomo? Sisi wajukuu tulitazama macho yao, tukasikiliza pumzi.

Haya si maneno ya wataalamu tu. Zamani, katika shule moja upande wa Masasi, tulimkaripia mvulana aliyetoka jandoni mwaka ule. Aliinama, asitutazame, kisha akatabasamu kidogo. Tukaona ni dharau, tukampiga viboko. Hakutoa chozi, nasi tukaongeza. Jioni mjomba wake akaja, akatusalimu kwa heshima zote, akasema, “Mwalimu, mtoto alikuwa anaona haya. Nasi ndio tuliomfundisha asilie.” Hatukuwa na la kujibu. Kesho yake mvulana alikaa mahali pake, ameinamisha macho vile vile, nasi hatukujua ametusamehe au la.