Ufundi wa Kuandika Muhtasari wa Kozi

Muhtasari wa kozi huhesabiwa miongoni mwa makaratasi ya ofisini: jina la mhadhiri, saa za vipindi, mada, tarehe ya mtihani. Ndiyo maana wengi huchukua wa mwaka jana, wakabadili tarehe, kazi ikaisha. Lakini anayeuandika kwa dhati huamua jambo zito kuliko mhadhara wowote: ndani ya muhula mmoja, kipi kitangulie, na kipi kiachwe ingawa ni kizuri. Uzito huo ulionekana Nairobi mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha huko ivunjwe na fasihi ya Afrika ishike kitovu. Fasihi ya Ulaya hawakuifuta; waliihamisha tu. Mjadala mkubwa ulizaliwa na swali la kila mwandishi wa muhtasari: tuanze na nini?

Fundi mzuri huanzia mwisho. Ralph Tyler, katika kitabu chake cha 1949 kuhusu mitaala, alitanguliza swali la lengo kabla ya shughuli za darasani. "Mwanafunzi ataelewa ushairi" ni ahadi isiyopimika. "Ataweza kuonyesha jinsi vina na mizani vinavyosaidia maana katika shairi asilopata kulisoma" inapimika, na papo hapo mazoezi, majaribio na mtihani hupata sura. Mtihani wa mwisho ukibeba alama 60 kati ya 100, na maswali yake yakataka fasili tu, wanafunzi watakariri fasili, malengo yawe yameandikwa vizuri namna gani.

Wapo wasemao kwamba wanafunzi hawausomi muhtasari. Huusoma, ila wanaanzia kwenye alama. Basi hapo ndipo pa kueleza kila kazi inapima nini na kwa nini. Wengine huhofia kwamba humfunga mwalimu mikono, asiweze kufuata swali zuri lililozuka darasani. Hofu hiyo inauhusu muhtasari uliojazwa mada hadi pomoni. Ulioandikwa kwa ustadi hushikilia lengo, ukaacha nafasi katika ratiba, na mwalimu akabadili njia bila kuvunja ahadi. Faida yake kubwa iko hapo: humpa mwanafunzi kipimo cha kumpimia mwalimu. Katikati ya muhula anaweza kuuliza, bila utovu wa adabu, kama kozi bado inaelekea ilikosemwa, na mwalimu akawajibika kumjibu.