Ni nani alikufa? Juu ya neno «Renaissance»

Hii neno «Renaissance» inapendwa sana kwetu. Tunaikuta kwenye majina ya shule na ya vikundi vya michezo, na katika mikutano ya utamaduni haipiti saa moja bila mtu kuitamka. Tunapenda kuiuliza swali moja: ukisema kitu kimezaliwa tena, ni nani alikufa?

Asili yake ni Kilatini: nasci ni kuzaliwa, renasci ni kuzaliwa tena. Giorgio Vasari, mchoraji wa Italia, aliandika «rinascita» katika kitabu chake cha mwaka 1550 juu ya maisha ya wasanii. Kwa hesabu yake sanaa ilikuwa nzuri kwa Wagiriki na Waroma, ikaharibika, kisha ikainuka tena kwao Toscana. Mfaransa Jules Michelet alilifanya kuwa jina la nyakati nzima mwaka 1855, na Mswisi Jacob Burckhardt akalitia nguvu mwaka 1860. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa vile lilivyo. Mwaka 1869 Matthew Arnold alijaribu kuliandika «Renascence» ili lifanane na Kiingereza, lakini desturi ilimshinda. Kwa hiyo anayetuambia kwamba ni neno la Kiingereza anasema kweli nusu.

Shida ni hii: jina lilitungwa na wale waliojihesabu kuwa watoto wapya. Petrarca alipokuta barua za Cicero kule Verona, mwaka 1345, zilikuwa katika maktaba ya kanisa. Kitabu kikikaa kwenye rafu hakijafa, kimekosa msomaji tu. Aristotle naye alikuwa anasomwa kwa Kiarabu Baghdad na Cordoba, na watafsiri wa Toledo walimpitisha kwa Kilatini katika karne ya 12. Mmarekani Charles Haskins aliandika kitabu kizima mwaka 1927 kuonyesha kwamba karne ile ya 12 ilikuwa na Renaissance yake. Kumbe maiti alikuwa anapumua!

Neno likafika Afrika. Mwaka 1948 Cheikh Anta Diop aliuliza, kwa Kifaransa, ni lini tutaweza kusema juu ya Renaissance ya Afrika. Na katika jibu lake lugha zetu zilichukua nafasi kubwa. Thabo Mbeki alilitangaza kwa Kiingereza mwezi wa munane 1998. Huku kwetu vita ilikuwa imeanza tarehe 2 ya mwezi ule ule, na wenye kukimbia na magodoro kichwani hawakuwa na nafasi ya kusikiliza.

Hatusemi hakuna kilichokufa. Wazee wa Katanga walikuwa wanayeyusha shaba katika tanuru za udongo na kumwaga misalaba midogo yenye kutumika sawa feza. Kazi ile ilizimika wakati wa ukoloni, Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906 na viwanda vyake vikakamata shaba yote. Mtu akiwasha tanuru ile leo, aseme «Renaissance», hatutamupinga. Lakini mahari bado yanapatanwa, matanga bado yanaimbwa, hadisi za sungura bado zinacheleweshea watoto usingizi. Mwenye kusema juu ya hayo kwamba sherti yazaliwe tena, amekwisha kuyachongea sanduku. Na mara nyingi ni mtu wa mji ambaye yeye mwenyewe ndiye aliacha kusikiliza.

Tena, tutalitafsiri namna gani? «Kuzaliwa upya» imekwisha kushikwa na wahubiri. «Ufufuko» unadai kaburi. «Mwamko» ni afadhali, juu mwenye kulala hakufa, lakini unatuita wavivu.

Katika familia nyingi za kwetu mtoto akipewa jina la marehemu, wanawake wanasema: «Babu amerudia.» Hakuna anayefikiri kwamba mtoto ni yule mzee, anapigwa kama mtoto mwingine akimwaga unga. Lakini wadogo wa marehemu wanamusalimia kwa heshima, wanamuita yaya, na wanamungojea akue ili wamuonyeshe mipaka ya shamba.